Nyuzi Kumi na Sita

Hadithi njoo! Leo, wanangu, uongo tuuache nje na utamu pekee ukolee, maana kila mtu nitakayemtaja aliishi kweli. Ni hadithi ya vijana wanne waliofanya kazi moja pamoja kwa karibu miaka 40. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga muziki wa nyuzi, wakiwa wanne tu, na kuwafundisha wengine kuupiga. Wengi wenu hamjawahi kusikia kwamba mtu anaweza kuishi kwa kazi hiyo. Anaweza, ila kazi ina masharti yake, na masharti hayo ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Kwanza tuzijue ala. Fidla mnaijua: ni ile ile inayolia katika taarabu ya Unguja na Mombasa, hushikwa begani chini ya kidevu na kupigwa kwa uta. Viola inafanana nayo, lakini ni kubwa kidogo na sauti yake iko chini zaidi. Selo ni kubwa zaidi ya hizo. Mpigaji hukaa kitini akaisimamisha katikati ya magoti. Kila moja ina nyuzi nne. Weka pamoja fidla mbili, viola moja na selo moja, umepata kundi linaloitwa kwarteti ya nyuzi: watu wanne, nyuzi kumi na sita.

Katika taarabu, fidla hufuata wimbo mmoja kwa pamoja na kuitikiana na mwimbaji. Katika kwarteti kila mtu ana njia yake. Huyu anapanda, yule anashuka, wa tatu ananyamaza, wa nne anaanza maneno ambayo wa kwanza ameyaacha nusu. Na hakuna anayesimama mbele na kijiti kuwaongoza, kama ilivyo kwenye okestra kubwa. Ukipotea, hakuna jirani anayepiga nota zako ili akufiche.

Muziki huu ulishika mizizi Austria katikati ya karne ya 18, na wala hapakuwa na mpango mkubwa. Bwana mmoja mwenye cheo, Baron Fürnberg, alikuwa na nyumba mashambani, mahali panapoitwa Weinzierl. Alipenda kusikia muziki lakini hakuwa na okestra. Aliokuwa nao ni padre wa parokia, msimamizi wa mashamba yake, mpiga selo mmoja, na kijana wa fidla ambaye bado hakuwa na jina, Joseph Haydn. Akamwomba Haydn atunge kitu ambacho watu hao wanne wangeweza kupiga. Haydn akatunga, kikapendwa, akaombwa kingine. Alipofariki mwaka 1809 alikuwa ameacha kwarteti 68, na Mozart, Beethoven na Schubert wote walipita katika njia aliyoifungua.

Mwanzoni watu walipiga kwarteti majumbani kwa starehe yao. Mtu aliyefanya mengi kuigeuza kuwa kazi ni mpiga fidla wa Vienna, Ignaz Schuppanzigh. Katika msimu wa 1804 na 1805 alianza kuandaa maonyesho ambayo watu walilipia ili wasikilize kwarteti tu. Beethoven alikuwa rafiki yake, na kwarteti zake nyingi zilisikika kwa mara ya kwanza mikononi mwa Schuppanzigh na wenzake. Zilikuwa ngumu kupita uwezo wa mtu anayeshika fidla siku ya mapumziko baada ya kula. Ugumu huo ndio uliozaa kazi: sasa walihitajika watu wanne wa kukaa pamoja na kufanya mazoezi siku baada ya siku, kwa miaka.

Sasa tuingie kwenye hadithi yenyewe.

Zaidi ya miaka 100 baada ya Schuppanzigh, mji ule ule wa Vienna ulikuwa na mvulana Myahudi aliyeitwa Norbert Brainin, aliyezaliwa mwaka 1923. Alikuwapo mwingine, Siegmund Nissel, aliyezaliwa München, Ujerumani, mwaka 1922 na kukulia Vienna. Kaskazini ya Vienna, katika kijiji cha Göllersdorf, alizaliwa wa tatu, Peter Schidlof, naye wa mwaka 1922. Wote watatu walipiga fidla, na hawakuwa wakifahamiana. Mwezi wa Machi mwaka 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria, na Wayahudi wakaanza kuteswa hadharani. Kabla mwaka haujaisha, kila mmoja kwa njia yake alikuwa amekimbilia Uingereza. Nissel alisafiri kwa treni zilizowatoa watoto bila wazazi wao.

Mtu angedhani kwamba hapo wamepona. Lakini mwaka 1940, Uingereza ikiwa vitani na kuogopa majasusi, serikali yake ilikamata maelfu ya watu waliotoka Ujerumani na Austria na kuwaweka kizuizini kama raia wa nchi adui. Haikubagua, hata Myahudi aliyemkimbia Hitler alichukuliwa. Vijana wetu hawakuwa wametimiza hata miaka 19. Brainin na Schidlof walikutana kambini. Baadaye Schidlof alipelekwa Isle of Man, kisiwa kilicho kati ya Uingereza na Ireland, ambako nyumba za wageni za pwani zilizungushiwa senyenge zikawa kambi. Huko akakutana na Nissel.

Kambi zile zilijaa walimu, madaktari, wachoraji na wanamuziki. Watu walifundishana walichokijua, wakaandaa maonyesho. Nje, mtunzi maarufu wa Uingereza, Ralph Vaughan Williams, aliongoza kamati iliyohangaikia wanamuziki waachiliwe. Hatimaye vijana wakatoka, Schidlof akawakutanisha rafiki zake wawili, na wote watatu wakaenda kwa mwalimu mmoja London, Max Rostal.

Mshikeni jina lake Rostal. Yeye pia alikuwa mkimbizi Myahudi, aliyehamia London mwaka 1934. Vijana hawa hawakuwa na fedha ya kulipia masomo, naye hakuwadai. Aliwafundisha bure, mwaka baada ya mwaka, kwa ukali ule ule aliowafundishia wenye kulipa. Wema hauozi, wahenga walisema, na mtaona huu ulikofika.

Basi wakataka kuunda kwarteti. Likazuka tatizo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza angeliona: wapiga fidla watatu, na nafasi ni mbili. Schidlof akaweka fidla chini, akachukua viola. Msilipite jambo hilo haraka. Viola ni nzito zaidi na vidole hutanuka zaidi. Nota zake huandikwa kwa mfumo mwingine, kwa hiyo macho lazima yajifunze kusoma upya. Zaidi ya yote, mtu wa viola mara nyingi hukaa katikati ya sauti, si juu ambako wimbo unasikika na kila mtu. Kijana aliyekuwa ameutoa utoto wake wote kwa fidla akakubali hayo ili kundi liwepo. Akaja kuwa mmoja wa wapiga viola walioheshimiwa zaidi duniani, na kwa miaka mingi alipiga viola iliyotengenezwa na Antonio Stradivari wa Italia mwaka 1719.

Wa nne alipatikana kupitia Suzanne Rozsa, binti aliyekuwa mwanafunzi mwenzao kwa Rostal. Alimleta kijana wa London, Martin Lovett, mzaliwa wa 1927, mpiga selo na mtoto wa mpiga selo. Rozsa baadaye akawa mke wake. Mwaka 1947 wanne hao walipiga Dartington, kusini magharibi mwa Uingereza, alikofundisha Imogen Holst, binti wa mtunzi Gustav Holst. Imogen alivutiwa nao kiasi cha kutoa fedha zake mwenyewe wakodishiwe ukumbi London. Tarehe 10 Januari 1948, wakiwa na jina jipya, Kwarteti ya Amadeus, walipiga katika Wigmore Hall, na viti vyote vikajaa. Kuanzia siku hiyo hawakubadilisha mtu hata mmoja.

Sasa mtaniuliza: baada ya makofi, watu hawa hufanya nini kesho yake? Nitawaeleza, maana kazi hii inajulikana kwa dakika zake chache za jukwaani kuliko kwa siku zake.

Asubuhi kila mtu hufanya mazoezi peke yake, ili vidole visisahau. Kisha wanne hukutana kwa saa kadhaa. Hawapigi wimbo kutoka mwanzo hadi mwisho. Hukaa kwenye mistari miwili mitatu hadi waridhike. Hubishana. Twende kasi gani? Uta uanze kwa kushuka au kupanda? Nani apunguze sauti ili viola isikike? Makundi mengi yana desturi njema: wazo la mwenzako halikataliwi kwa maneno. Mnalipiga kwanza, kwa moyo kabisa, kana kwamba mmelikubali, halafu ndipo mseme.

Kwa kuwa hawana kiongozi mbele yao, wanahitaji njia ya kuanza pamoja. Ukiwatazama kwa makini utaiona. Mwenye kuanzisha huvuta pumzi puani na kuinua ala yake kidogo tu. Pumzi fupi na kali humaanisha wimbo wa kasi. Pumzi ndefu, wimbo wa polepole. Wengine watatu hupumua naye. Kabla sauti yoyote haijatoka, wameshakubaliana kasi, nguvu na hata hali ya moyo.

Kuna jambo jingine la karibu zaidi, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Ninyi mnaoimba kwaya mnajua do, re, mi. Nyuzi za viola na selo, kutoka chini kwenda juu, ni do, so, re, la. Za fidla ni so, re, la, mi. Mpigaji akiziweka sawa nyuzi zake, husikiliza mbili kwa pamoja, jirani na jirani, mpaka sauti zitulie bila kutetemeka hata kidogo. Kila mmoja wa wanne akifanya hivyo kwa uangalifu, kila ala itakuwa safi kabisa. Halafu mwambie wa selo apige do yake ya chini isiyoshikwa na kidole, na wa fidla apige mi yake ya juu. Zitagongana. Mi itasikika imepanda mno.

Nani amekosea? Hakuna. Kutoka do hadi mi ya nyuzi kuna hatua nne, na hatua nne zilizo safi zikijumlishwa huipeleka mi juu kuliko do inavyotaka. Tofauti yake ni karibu sehemu moja ya tano ya umbali kati ya kibonye cheupe na cheusi kinachofuatana nacho kwenye kinanda. Ni ndogo, lakini sikio huisikia. Hesabu ya sauti ndiyo ilivyo, na hakuna fundi awezaye kuibadilisha. Basi wanakwarteti hufanya hivi: wote huchukua la moja, kisha mwenye fidla hushusha mi yake kidogo kabisa, na wenye viola na selo hupandisha do zao kidogo kabisa. Kila mmoja hutoa chembe ya usafi wake. Ndipo kundi zima linakuwa safi.

Hapo ndipo lilipo sharti kubwa la kazi hii, wanangu: kuwa sahihi peke yako hakutoshi. Mwanafunzi hodari aliyezoea kushinda mashindano hupata taabu kulikubali hilo. Vidole vyake havina kosa, nota zake zote zipo, na bado wenzake wanamwambia asogee. Asiposogea, anafaa kazi nyingine ya muziki, na zipo nyingi njema. Lakini kwarteti haitamfaa.

Maisha nayo yana mi na do zake. Malipo ya onyesho kwa kawaida hutolewa nauli na fungu la wakala, kisha yanagawanywa sawa kwa wanne, hata kama fidla ya kwanza ndiyo iliyosikika zaidi usiku ule. Safari ni nyingi, na selo mara nyingi hukatiwa tiketi yake ya ndege ikae kitini kama abiria, kwa sababu haiwezi kutupwa na mizigo. Mtu lazima ashughulike na barua, tarehe na hesabu. Katika Amadeus, mzigo huo aliubeba Nissel, mpiga fidla wa pili. Watazamaji hawakumpigia makofi kwa kazi hiyo, na bila hiyo pasingekuwa na onyesho.

Na maonyesho pekee mara nyingi hayamlishi mtu mwaka mzima. Ndiyo sababu wapiga kwarteti wengi ni walimu. Kwarteti ya Pro Arte kutoka Ubelgiji ilikuwa ziarani Madison, Marekani, Mei 1940, Ujerumani ilipoivamia nchi yao. Hawakuwa na pa kurudi. Chuo Kikuu cha Wisconsin kikawapa makao wapige na kufundisha hapo hapo, na kwarteti ya jina hilo ingalipo chuoni hapo, imepokezana watu kizazi hadi kizazi. Mwaka 1946 shule ya Juilliard ya New York iliunda kwarteti yake yenyewe, na mpiga fidla wake wa kwanza, Robert Mann, alikaa kwenye kiti hicho hadi 1997. Tangu hapo vyuo vingi vimeiga: chuo huwapa wanne hao mshahara na chumba cha mazoezi, nao huwalea wanafunzi.

Lakini msidhani wanafundisha kwa ajili ya mshahara tu. Yale mambo ya pumzi na ya kushusha mi hayaandikwi kwenye karatasi za nota. Lazima mtu aliyeyafanya akae chumba kimoja na vijana wanne akawaonyeshe. Mwalimu wa kwarteti hashughuliki sana na vidole. Humwambia fidla ya kwanza inyamaze, wale watatu wapige, ili kijana asikie kilichokuwa kikiendelea chini ya wimbo wake. Humtaka wa fidla ya pili aimbe kwa mdomo mstari wa viola. Akiona hajui, amegundua ugonjwa: kijana alikuwa akijisikiliza mwenyewe. Wakati mwingine huwaamuru wageuziane migongo, wapige bila kuonana, mpaka wajifunze kupumua pamoja kwa kusikia.

Amadeus walifundisha hivyo kwa miaka, katika chuo cha muziki cha Köln, Ujerumani, na katika Royal Academy of Music, London. Fikirini: Wayahudi watatu waliofukuzwa na utawala wa Hitler walikwenda Ujerumani, wakawapa vijana wa Kijerumani ule ujuzi ambao Rostal aliwapa wao bure. Miongoni mwa waliopita mikononi mwao ni Kwarteti ya Auryn, iliyoanzishwa mwaka 1981. Nao walikaa wale wale wanne kwa miongo minne.

Kuna siku moja katika kazi yao ambayo inaonyesha mpigaji ni nani kwa mtunzi. Mwishoni mwa mwaka 1975 mtunzi Benjamin Britten, akiwa mgonjwa wa moyo, aliandika kwarteti yake ya tatu, na Amadeus ndio waliotakiwa kuipiga. Mwezi wa Septemba mwaka uliofuata walikwenda kwake Aldeburgh, kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, wakampigia nyumbani mwake. Britten alifariki tarehe 4 Desemba 1976. Tarehe 19 mwezi huo huo Amadeus waliipiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza, katika ukumbi wa Snape Maltings, karibu na alipokuwa akiishi. Mtunzi huandika, lakini karatasi haina sauti. Alichokisikia Britten katika siku zake za mwisho alikisikia kupitia kwa watu wanne aliowaamini.

Mwezi wa Agosti mwaka 1987 Peter Schidlof alifariki ghafla. Wapiga viola wazuri walikuwapo, na maombi ya maonyesho hayakupungua. Brainin, Nissel na Lovett wakaamua kwamba hakuna atakayekaa kwenye kiti chake. Kwarteti ya Amadeus ikakoma hapo. Kufundisha, hata hivyo, hawakuacha. Watatu hao waliendelea kuwapokea vijana, wakisahihisha pumzi na nyuzi, hadi uzeeni. Brainin alifariki mwaka 2005, Nissel mwaka 2008, na Lovett, wa mwisho wao, mwaka 2020 akiwa na miaka 93.

Kati yenu huenda kuna mwenye hamu ya fidla. Mahali pa kuanzia papo karibu: Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyofunguliwa mwaka 1944, na Mji Mkongwe wa Zanzibar kuna chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, tangu 2002, ambako fidla hufundishwa pamoja na kanuni, udi na ngoma. Anza na mwalimu mmoja na nyuzi zako nne. Lakini usisubiri uwe bingwa ndipo utafute wenzako. Haydn alianza na padre na msimamizi wa shamba.

Na ukishawapata, usijiulize kwanza kama vidole vyako ni vyepesi kuliko vya mwenzako. Jiulize kama uko tayari kusogeza uzi wako ulio sawa ili wimbo wa wote uwe sawa. Wale wanne walikuwa tayari. Wakapata riziki, wakapata marafiki wa maisha yao yote, wakapata na wanafunzi wa kuwaachia walichokijua. Sijui kazi nyingi zinazomlipa mtu vizuri namna hiyo.